Simu na Kompyuta Mikononi mwa Akina Mama Waliokimbia Vita

Maneno yaliyotolewa Kalemie, jimbo la Tanganyika, mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, komite za kambi na mashefu wa vijiji vilivyowapokea. Mzungumzaji ni mwalimu wa mafunzo ya simu na kompyuta kwa akina mama.



Niliombwa kuzungumza juu ya kuwapatia wanawake wa Afrika maarifa ya kazi katika dunia inayoendeshwa na teknolojia. Maneno hayo ni makubwa, na mara nyingi husemwa katika hoteli za Kinshasa au Nairobi, mbele ya watu ambao kila mmoja ana kompyuta yake mezani. Sisi tumekaa kwenye mabenchi ya shule, na wengine mmekuja na watoto mgongoni. Umeme wa Bendera unafika mjini siku unapotaka. Kwa hiyo nitaanza na chombo ambacho kila mmoja hapa anakijua, hata kama si chake, nacho ni simu.

Miaka ya nyuma msaada ulikuja kwa lori. Ulipanga mstari, ukapokea unga, maharagwe na mafuta, ukabeba kichwani. Siku hizi mashirika mengi hutuma pesa kwa simu. Ujumbe unaingia, unakwenda kabini, unatoa pesa, unanunua unachohitaji sokoni. Njia hii ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, ikaingia Kongo mwaka 2012, na sasa tunazo pia Airtel Money na Orange Money. Tumeizoea hata tumesahau kwamba hiyo nayo ni teknolojia.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka mji wa Goma, benki za mji ule zilifunga milango. Mshahara wa mwalimu, pesa ya ndugu aliye Kinshasa au Ulaya, msaada wa shirika, karibu vyote vilibaki kupita kwenye simu, na kwa kuwa noti zilikuwa haba, kutoa pesa kukawa na makato makubwa kuliko kawaida. Ndugu zetu waliotoka Kivu wako hapa katikati yetu na wanaweza kushuhudia. Mtu aliyejua kutumia simu yake alipata taabu. Asiyejua alipata taabu ile ile, na nyingine juu yake.

Hiyo nyingine ndiyo nataka tuitazame vizuri. Mama hajui kusoma ujumbe. Anampa simu kijana wa kabini, na namba yake ya siri anaisema kwa sauti mbele ya watu wote. Kijana anabonyeza. Akisema mtandao umekatika, rudi kesho, mama anarudi kesho. Akisema zimeingia dola arobaini, wakati zimeingia hamsini, mama atajuaje? Sisemi vijana wote wa kabini ni wezi, wengi ni watu waaminifu wanaotafuta maisha kama sisi. Nasema kwamba mama huyo hana njia ya kujua. Na mtu anaposhika simu yako pamoja na siri yako, anaweza siku moja kukuomba kitu kingine kisichokuwa pesa. Viongozi mnanielewa. Mashitaka ya namna hiyo huletwa kwenu usiku, mama akiwa amejifunika uso.

Ndiyo maana katika mafunzo yetu hatuanzi na kompyuta. Tunaanza na namba kumi, kuanzia sifuri mpaka tisa. Mama anajifunza kuzitambua kwenye vibonyezo, kusoma kiasi kilichoingia, kutazama kilichobaki, kuchagua namba ya siri ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa wala 1234, na kuiingiza kwa mkono wake mwenyewe huku mkono wa pili ukifunika. Wengine huliona jambo hili kuwa dogo mno. Mimi naliona kuwa mlango. Mama ambaye pesa yake inapita mikononi mwa mtu mwingine hata akifundishwa kushona, kutengeneza sabuni au kuandika kwa kompyuta, faida ya kazi ile itapita mikononi humo humo.

Kuna akina baba wanaoniambia: huyu mama hakusoma hata mwaka wa pili wa shule ya msingi, utamfundishaje mashine? Huwa nawajibu waende ufukweni asubuhi wakamtazame mama anayeuza ndakala. Anapokea dola, anarudisha franka, anajua kiwango cha jana na cha leo, anatoa faida ya mwenye mtumbwi na ya mwenye chumvi, vyote kichwani, na mvua ikinyesha. Akili ya hesabu anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha alama zinazoandikwa kwenye kioo cha simu.

Tena jambo hili limekwisha jaribiwa kwa mashine ngumu kuliko simu. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kuna chuo kiitwacho Barefoot College kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy. Kwa miaka mingi kimewapokea akina mama wa makamo na mabibi kutoka vijiji vya Afrika, wengi wao wasiojua kusoma, wakafundishwa kufunga na kutengeneza taa za umeme wa jua. Mwalimu na mwanafunzi hawana hata lugha moja. Wanafundishana kwa rangi na umbo la kila kipande, kwa kuonyeshana na kurudia. Baada ya miezi kama sita mama anarudi kwao akijua kuunganisha waya, kujenga taa na kuitengeneza ikifa. Mwaka 2015 chuo kama hicho kilifunguliwa Kinyasini, kisiwani Unguja, na huko mafunzo ni kwa Kiswahili chetu hiki. Roy mwenyewe ameeleza mara nyingi kwa nini anawapenda mabibi: kijana akipewa cheti anahamia mjini kutafuta kazi, bibi anarudi kijijini na taa zinawaka.

Kwetu sisi hesabu hiyo inabadilika kidogo, kwa sababu tumekimbia wote, vijana na mabibi. Shamba halikubebeka, mbuzi hawakubebeka, cherehani imebaki Fizi au Masisi. Lakini mama aliyejua kushona alifika hapa akiwa bado anajua kushona. Watu waliokimbia mara mbili au tatu wanaelewa jambo hili kuliko mtaalamu yeyote.

Napenda sasa niwape mfano wa hapa kwetu Kongo, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mambo haya ni ya wazungu au ya watu wa Nairobi. Mwaka 2003, mjini Bukavu, wanawake waandishi wa habari walianzisha chama chao kiitwacho AFEM, yaani chama cha wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu ya Kusini. Mmoja wa waanzilishi ni mama Chouchou Namegabe, ambaye alijifunza kazi akiwa msichana katika Radio Maendeleo ya pale pale Bukavu. Wakati ule, katika redio nyingi, mashine zilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwanamke aliweza kusoma tangazo, lakini kushika kinasa sauti, kwenda kijijini, kurudi na kukata na kuunganisha sauti kwenye kompyuta, hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya fundi, na fundi alikuwa mwanaume.

Mnafahamu miaka ile ilikuwaje. Akina mama walibakwa vijijini na hakuna aliyetaka kusema neno, wala mama mwenyewe, wala mume, wala shefu. Wanawake wa AFEM walikwenda kuwasikiliza wakiwa na vinasa sauti vyao. Mama aliyeteswa aliweza kumweleza mwanamke mwenzake yale asiyoweza kumweleza mwanaume. Jina lake halikutajwa, uso wake haukuonekana, lakini sauti yake ilitoka redioni, kwa lugha zetu, ikasikika jikoni na sokoni. Mwaka 2009 mama Namegabe alizungumza juu ya mateso hayo mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, mjini Washington.

Tafadhali tazameni kazi ile ilifanywaje. Huruma peke yake isingetosha, kwani huruma ilikuwepo tangu zamani. Ilihitaji mwanamke anayejua kutumia kinasa sauti bila kumwita fundi. Kama fundi mwanaume angekaa pale chumbani, mama asingefungua kinywa. Kama sauti zile zingepelekwa kwa mtu mwingine azikate, siri ingetoka. Maarifa ya mashine ndiyo yaliyolinda siri ya akina mama, na siri hiyo ndiyo iliyowapa ujasiri wa kusema. Kila ninapoulizwa kwa nini mambo ya kompyuta yaingizwe katika kazi ya amani, huwa narudi Bukavu kwenye mfano huu.

Sasa tuseme juu ya kazi zenyewe, kwa maana najua wasichana waliomaliza sekondari wamekaa nyuma pale na wanangoja nifike hapo.

Ipo kazi iliyo karibu nanyi kuliko mnavyodhani. Mashirika yanayofika kambini huuliza maswali nyumba kwa nyumba: familia ina watu wangapi, watoto wanaosoma ni wangapi, maji yanachotwa wapi. Zamani waliandika kwenye karatasi. Leo muulizaji anashika simu au tableti yenye programu, na inayotumika sana ni ile iitwayo Kobo, iliyokuzwa na watafiti waliofanya uchunguzi wao kwa watu walioumizwa na vita katika Uganda ya kaskazini na katika mashariki ya Kongo yetu. Programu hii inafanya kazi hata pasipo mtandao. Unajaza majibu kijijini, yanakaa ndani ya simu, na ukirudi mjini unayatuma. Msichana anayesoma Kifaransa na Kiswahili vizuri anaweza kujifunza kuitumia kwa siku chache.

Wanaopata kazi hizo mara nyingi ni vijana wanaume kutoka mjini. Halafu kijana huyo anaingia katika hema la mama mjane na kumwuliza kama ana mimba, au kama usiku anaogopa kwenda chooni. Mama anajibu "hapana" kwa kila swali, na shirika linaandika kwamba hapa hakuna shida. Viongozi, mnayo nguvu ya kulibadilisha jambo hili bila kutumia hata franka moja. Shirika linapokuja kwenu kuomba majina ya waulizaji, ombeni nusu wawe wanawake, na muwe na orodha ya wasichana waliofundishwa iko tayari mfukoni. Wakiwajibu kwamba wanawake wenye ujuzi hawapatikani, muwatolee orodha hiyo.

Hatua inayofuata ni kompyuta, au ordinateri kama wengi wetu tunavyoiita. Hapa sitawaficha, ni kazi ya miezi, haimalizwi kwa wiki mbili wala kwa cheti kilichopigwa muhuri mzuri. Mtu anatakiwa ajue kuandika barua, kutengeneza jedwali, kuhifadhi kazi yake na kuipata tena kesho yake. Jedwali ndilo ninalolisisitiza zaidi. Mama anayeweza kupanga majina mia tatu ya familia kwenye jedwali, akajumlisha watoto walio chini ya miaka mitano bila kukosea, anahitajika katika zahanati, shuleni, katika chama cha akiba na mikopo, katika ofisi ya kata, hata kwa mfanyabiashara wa mahindi. Tena ni vigumu kumdanganya kwenye ugawaji.

Kuna jambo dogo ambalo limewaliza wanafunzi wangu. Kompyuta za kwetu, kwa desturi ya Kifaransa, zina vibonyezo vinavyoanza na herufi A, Z, E, R, T, Y. Ukivuka ziwa ukafika Kigoma, au ukienda Uganda, utakuta Q, W, E, R, T, Y. Msichana aliyejifunza hapa, kisha akakimbilia kambi ya Nyarugusu, anaketi mbele ya kompyuta ya huko, anaandika jina lake, na linatoka vibaya. Anaona aibu, anadhani amesahau yote. Hajasahau kitu, herufi chache tu zimebadilishana nafasi na vidole vitazoea baada ya siku kadhaa. Ninawafundisha zote mbili tangu mwanzo, kwa sababu hakuna anayejua vita vitampeleka upande gani.

Nairobi nimeitaja, na kweli ina mafunzo kwa pande zote mbili, nzuri na mbaya. Januari 2008, wakati damu ilipokuwa ikimwagika Kenya baada ya uchaguzi, mama mmoja mwanasheria, Ory Okolloh, alitoa wazo la kuweka kwenye ramani habari za mahali ambapo watu wanashambuliwa. Yeye na wenzake, akiwemo mama Juliana Rotich, wakaunda kwa siku chache programu waliyoiita Ushahidi, ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingi. Mwaka 2010 wasichana wa Nairobi wakaanzisha AkiraChix, shirika linalowafundisha kompyuta wasichana wa familia maskini. Mmoja wa waanzilishi wake, Angela Lungati, mwaka 2019 akawa mkurugenzi mkuu wa Ushahidi.

Huo ni upande mzuri. Upande wa pili ni huu. Mwaka 2023, mjini Nairobi hiyo hiyo, wafanyakazi zaidi ya 180 walikwenda mahakamani. Kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuchuja picha na maneno mabaya yanayowekwa kwenye Facebook, na wengi walikuwa wametoka nchi nyingine za Afrika. Walilalamika kwamba wamefukuzwa kinyume cha sheria, na walieleza jinsi kutazama mauaji na ubakaji kutwa nzima kulivyowaumiza akili. Nawaambia habari hii ili mtu asidhani kwamba kazi ya kompyuta, kwa kuwa inafanyika kivulini na kwenye kiti, ni kazi isiyoumiza. Mama aliyeona nyumba yake ikiungua hapaswi kupewa kazi ya kutazama nyumba za wengine zikiungua kutwa nzima. Ukiitwa kwenye kazi, uliza nitatazama nini, nitalipwa kiasi gani, kwa siku au kwa mwezi, na mkataba uko wapi. Na yeyote anayekutaka utume pesa kwanza ili upate kazi, awe anakuita Dubai au Lubumbashi, huyo hana kazi ya kukupa.

Katika mambo haya wapo wanaosema sheria ya Kongo hairuhusu mwanamke kujiamulia. Ni vizuri tulizungumze hapa mbele ya akina baba wote. Kweli, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa matendo yake ya kisheria. Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Mume bado anaitwa kiongozi wa nyumba, lakini ile ruhusa ya mume imeondolewa. Sasa mume na mke wote wawili wanatakiwa kupatana, na wasipopatana, yule aliyeumizwa anaweza kwenda kwenye mahakama ya amani. Kwa hiyo mama anayejiandikisha kwenye laini ya simu kwa jina lake, au anayefungua akaunti, havunji sheria ya nchi. Na baba anayesema "sheria inanipa simu yako" anaisoma sheria ya zamani.

Lakini nimeona nyumbani kwa watu kwamba kifungu cha sheria peke yake hakitulizi ugomvi. Mume aliyekuwa na mashamba sasa amekaa hana kazi, anamwona mkewe anatoka asubuhi na daftari kwenda kwenye kompyuta, na ujumbe wa pesa unaingia kwa jina la mke. Anaumia. Tukijifanya hatuoni, mama atapigwa jioni na kesho haji darasani. Wazee wa Kalemie wanaikumbuka Filtisaf, kiwanda cha nguo, na jinsi baba aliyefanya kazi pale alivyoheshimiwa mtaani. Kiwanda kikafa, na heshima ya wengi ikatikisika pamoja nacho. Ndiyo maana siku ya kwanza ya mafunzo tunawaita waume, au baba, au kaka, waje waone. Wanakaa nyuma, wanasikia tunachofundisha, wanauliza. Mara nyingi swali lao la kwanza ni kama mke ataandikiana na wanaume wengine. Tunalijibu bila kucheka, kwani hilo ndilo lililo moyoni mwao.

Kisha kuna karatasi. Ili upate laini ya simu kwa jina lako unahitaji kitambulisho, na kwa wengi wetu kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Wangapi waliziacha ndani ya nyumba zilizoungua? Mama asiye na kadi huandikisha laini kwa jina la shemeji au la jirani, na siku wakikosana, laini inakwenda na pesa iliyomo inakwenda. Naomba kila komite iandike majina ya akina mama waliopoteza kadi, wakionyesha kijiji walichotoka, na mashefu wenye kuwatambua watie sahihi. Orodha kama hiyo haitatoa kadi, lakini mkienda ofisini mkiwa na majina mia mbili yaliyopangwa vizuri mtasikilizwa kuliko akina mama wawili wawili wanaofukuzwa mlangoni.

Sitasema mengi juu ya uvumi wa WhatsApp, kwani komite ya amani ina siku yake ya kuuzungumzia. Nataja hili tu: picha ya maiti iliyopigwa mwaka mwingine katika nchi nyingine hutumwa kwenu jioni ikiambiwa ni ya kijiji jirani, na asubuhi kabila fulani linaogopa kwenda kuchota maji. Akina mama tuliowafundisha wanajua kuuliza nani kaipiga, wapi, lini, na kumpigia simu mtu aliye kijijini pale kabla hawajaituma kwa mwingine. Tangu mwaka 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya numerique, kwa hiyo maneno ya chuki na matusi ya kwenye simu yanaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mtu mmoja aliniuliza nikija: je, huku si kukimbiza upepo, wakati hata simu zenyewe akina mama hawana? Ni kweli hatuko sawa. Ripoti ya GSMA ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, idadi ya wanawake wanaotumia intaneti ya simu iko chini kwa asilimia 32 ikilinganishwa na ile ya wanaume. Na mnajua kinachonichoma. Ndani ya simu hizo mna madini ya tantalamu, yanayotoka katika koltani. Rubaya, kule Masisi, peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Wapo hapa akina mama waliokimbia eneo lile. Wamelala juu ya mali inayotengeneza simu za watu wa mbali, na wao wenyewe wanaazima simu ya jirani kumpigia mtoto aliyepotea njiani. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba teknolojia haiwahusu.

Mpango wetu ni huu. Darasa la kwanza lina nafasi ishirini na nne. Tumekubaliana na komite kwamba nusu ni za wanaotoka kambini na nusu za wanawake wa vijiji vilivyotupokea, kwa sababu nao ni maskini, na kuwanyima kungeleta maneno. Nafasi nane zimewekwa kwa akina mama wasiojua kusoma. Saa za masomo ni tangu saa nane mpaka saa kumi mchana. Tulitaka asubuhi, lakini akina mama walitueleza kwamba asubuhi ni maji, shamba la watu na soko, nasi tukawasikia. Watoto wadogo watakaa chini ya mwembe pamoja na mabibi wawili watakaolipwa kwa kazi hiyo, kwani mama mwenye mtoto anayelia hasikii somo. Simu zitachajiwa kwa paneli ya jua iliyo juu ya paa la darasa, bila malipo kwa wanafunzi. Asiye na simu atatumia ya mafunzo, na haitoki nje ya darasa.

Majina yataandikwa na Mama Makamu kuanzia kesho, na si nyumbani kwangu. Atakayeambiwa atoe kitu ili jina lake liandikwe, aje aseme mbele ya komite. Wanaokuja na waume wao siku ya kwanza watakaa mbele.

Naona mikono imekwisha inuliwa pale nyuma. Papa Rais, kama unaniruhusu, tuanze na wasichana.